Kunegunda Hyera na Sauti Iliyookoa Ulimi

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi. Kunegunda Hyera atavua koti jeupe la kitengo chetu cha radiolojia hapa Songea. Alianza mwaka 1991, siku ambazo filamu za eksirei zilioshwa kwa dawa katika chumba cha giza na kuanikwa kwenye kamba kama soksi. Anaondoka akiwa mkuu wa wapiga picha wa kitengo, na vijana wote walioko zamu leo wamefundishwa naye.

Wafanyakazi wanamjua kwa baiskeli yake ya kutoka Bombambili, ambayo hakuiacha hata bodaboda zilipojaa mjini. Wagonjwa wanamjua kwa mambo mengine. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, iliposimikwa mwaka 2013, mzee mmoja wa Mpitimbi aliisikia inavyogonga, akasimama mlangoni.

"Hiyo si mashine ya kusaga?"

"Haisagi mtu, babu. Ingia."

"Ingia wewe kwanza, tuone utatokaje."

Kunegunda akavua viatu, akalala, akaingizwa, akatoka. Mzee alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, ndipo akakubali.

Jioni huimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na huko ndiko alikopata utaratibu tunaoutumia leo. Picha ya MRI huharibika mgonjwa akitikisika, kwa hiyo sisi madaktari tulitaka wagonjwa wa saratani ya ulimi na koo walale kimya. Yeye aliona kwamba mtu anayeshikilia sauti moja ya wimbo, ulimi wake hutulia huku ukiwa kazini. Akaanza kuwafundisha kwenye benchi la nje: shikilia "aaa" kwa sekunde kumi na mbili, pumzika, shikilia "iii". Wahudumu wa usafi waliuliza kama kwaya imehamia hospitalini.

Sasa nieleze jambo ambalo bila hilo wasifu huu si wa kweli. Mimi ni Dk. Pankrasi Mapunda, niliyesoma picha zake kwa miaka ishirini na miwili hadi nilipostaafu. Nina saratani ya kongosho, na wenzangu hawakunificha muda uliobaki. Ndiyo maana niliomba kuandika kurasa hizi mwenyewe.

Mwaka 2014 alikuja Bi. Zabibu kutoka Tunduru, mkulima wa korosho na mwimbaji wa kaswida, akiwa na saratani upande mmoja wa ulimi. Nilisoma picha zake alizopigwa akiwa kimya, nikaandika kwamba ugonjwa umefika kwenye shina na ulimi wote uondolewe. Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Jumanne, bila idhini yangu, Kunegunda alimrudisha kwenye mashine, akamwimbisha. Niliwakuta, nikamfokea mbele ya watu: "Hapa ni hospitali, siyo mazoezi ya Pasaka!" Nikamwandikia barua ya onyo.

Baada ya hapo ndipo nilipozitazama zile picha. Kwenye "iii" shina la ulimi lilipanda lote, bila kukwama popote, jambo ambalo nyama iliyoshikwa na saratani haiwezi. Kile nilichokiita saratani kilikuwa nyama ya ulimi iliyorudi nyuma kwa sababu mgonjwa alilala chali, kimya, kama nilivyoagiza. Niliandika ripoti mpya, na daktari wa upasuaji akakata sehemu ndogo tu ya upande wa kushoto. Bi. Zabibu anaongea hadi leo, na anaimba.

Katika ripoti ile sikuandika ni nani aliyewaza kupiga picha zile. Nilisifiwa mikutanoni kwa kuwa na jicho kali, nikanyamaza. Utafiti wetu uliofuata, wa kuangalia sehemu gani za ubongo hufanya kazi mtu anaposema na anapoimba, ulianzia hapo, ukatoka kwa jina langu. Barua ya onyo ilibaki kwenye faili lake, na mara mbili ilimchelewesha kupanda cheo.

Mwezi uliopita nilimwomba Kunegunda aje nyumbani kwangu Matogoro, nikamwambia nitayaandika haya. Alicheka.

"Daktari, mimi nilijua siku ile ile. Wiki nzima ulikuwa unanikwepa kwenye korido." Kisha akauliza, "Zabibu anajua?"

Hakujua. Kila msimu amekuwa akiniletea korosho mimi. Nilimpigia simu pale pale, nikamweleza yote.

"Mungu akusamehe, daktari. Mimi nimeshakusamehe. Sasa nipe huyo mama."

Waliongea mpaka chai ikapoa. Upande wangu nilimsikia Kunegunda akirudia tu, "Hapana, dada, usilie. Nilikuwa kazini."

Uongozi umeifuta barua ile kwa maandishi, na utaratibu wa kumpiga picha mgonjwa akiimba sasa umesajiliwa kitengoni kwa jina la Kunegunda Hyera. Bi. Zabibu atakuwepo kwenye sherehe. Aliomba dakika tano za kuimba. Ratiba imempa kumi.

Asante, Kunegunda, kwa picha zako na kwa uvumilivu wako. Tunakutakia afya njema, usingizi wa kutosha, na watu watakaokuambia ukweli mapema kuliko nilivyokuambia mimi.