Vidole Viwili vya Kitambaa

Dereva wa lori alipanda treni ya asubuhi amepakata suti aliyooa nayo. Alimweleza fundi cherehani aliyeketi kando yake kwamba Jumamosi anamwozesha binti yake, na amemwahidi kuivaa hiyohiyo. "Wiki mbili sili mchana, dada, na koti bado halifungiki."

"Kaka, mwili ukiona njaa unabana matumizi, kama mama aliyeona unga unakaribia kwisha. Tena misuli ndiyo inayokula chakula, nawe umeikalia kwenye usukani miaka ishirini. Kula mayai na maharage, tembea, beba vizito."

Mimi niliyeketi nyuma yao nikavuta tumbo ndani kimyakimya.

"Nitawahi Jumamosi?"

"Ya mwakani, labda." Fundi akalipindua koti, akapapasa mshono. "Aliyeshona aliacha kitambaa cha akiba, vidole viwili kila upande. Ni nani?"

"Mke wangu. Tulikuwa wachumba."

"Basi aliona mbali. Nikufumulie?"

"Usifumue. Nitapungua tu."

Treni ikasimama. Dereva akachukua koti lake, akashuka na ubishi wake, lakini kidole gumba chake kilikuwa bado kinausugua ule mshono, taratibu, kama anayeshika mkono wa mtu.