Damu ya Kondoo wa Mjomba

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za asubuhi. Mchungaji amenipa dakika chache. Sitataja jina la mtu.

Mnajua nyumbani kwetu hapa Gulwe mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Nilichagua biolojia kwa ajili ya mdogo wangu. Utotoni aliumwa koo mara kwa mara. Akasukutua maji ya chumvi, likapoa, tukasahau. Hatukujua kwamba koo la namna ile lisipotibiwa huweza kuharibu moyo. Alipokuwa msichana mkubwa miguu ikaanza kuvimba, akawa analala ameketi ili apate pumzi.

Ndugu zangu, nawaambieni, kusoma ugonjwa unaommaliza mtu wako ni adhabu. Kila likizo baba aliniuliza, "Wewe si unasoma mambo ya moyo? Mponye basi." Nilimweleza kwamba mimi si daktari, nachunguza vijidudu vya koo. Akageukia pembeni.

Na hivyo vijidudu vilinishinda. Huoteshwa maabara kwenye visahani vyenye damu ya kondoo. Mjomba wangu mfugaji akanitolea kondoo wake bora, mtaalamu wa mifugo akamtoa damu kidogo, nikaipeleka chuoni Dodoma ikiwa kwenye barafu. Havikuota. Nikarudia, havikuota. Mwalimu wangu akanishauri kwa upole nitafute mada nyingine. Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kwamba mdogo wangu amefariki.

Nilipanda basi nikiwa nimeshaamua kutorudi chuoni. Matangani mjomba akaketi kando yangu, akauliza kama kondoo wake alifaa. Nikamwambia hapana.

"Haiwezekani, mpwa wangu. Yule nilimchoma sindano za dawa kabla hujaja. Ningekupa kondoo mwenye vijidudu uwapelekee wasomi?"

"Mjomba, dawa hiyo ilibaki kwenye damu. Ndiyo iliyoviua vyangu."

Kisha akasema, "Yupo mwingine zizini. Huyo sijamgusa."

Nikarudi chuoni na damu ya huyo. Vikaota. Asubuhi nilipofungua nikaviona, vikundi vidogo kama vumbi la unga, kila kimoja na duara lake angavu pale kilipoila damu. Nililia, maana aliyenifanya nivitafute alikuwa ameshazikwa. Siwadanganyi, hata leo furaha sina. Moyo ulioharibika hauponi kwa visahani vyangu, na hapa kijijini wapo wengine wanaolala wameketi.

Namshukuru mjomba, aliyenipa tena baada ya kukosea. Namshukuru mwalimu wangu, aliyenipokea bila kuniuliza nilikuwa wapi. Baba, ahsante kwa kunitazama asubuhi ya leo nilipokuamkia.

Nilichojifunza ni kidogo: koo la mtoto lisisubiri lipoe lenyewe. Apelekwe zahanati, akipewa dawa azimalize hata kama anacheza. Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni na muuguzi wetu. Mwenye mtoto anayeumwa koo amlete, tumwangalie.