Gitaa la Mkono wa Kushoto

Karatu ya mwaka wa sitini na nne, jamani, upepo wake ulikuwa una meno. Kila asubuhi watu walewale walijikunyata kwenye benchi la mbele ya duka, na Mwajabu akawamiminia kahawa. Asubuhi moja aliwamiminia akiwa na jambo moyoni. Jana yake lilikuja gari la sinema, kikatundikwa kitambaa cheupe katikati ya uwanja, na humo kitambaani akatokea mwanawe. Hasani mpiga gitaa, aliyechukuliwa na wapiga picha za sinema walioshuka kutoka kreta, lile bonde la wanyama, wakaenda naye Nairobi. Miaka miwili hiyo, hata barua hakuleta. Sasa kaonekana juu ya farasi, anaimba, anapigana, anaimba tena. Ila gitaa alilipiga kwa mkono wa kushoto, na Mwajabu hakuzaa mtoto wa shoto. Hata kovu la juu ya jicho la kulia lilikuwa limehamia kushoto.

— Mama Hasani, umezaa simba! alisema Seif, fundi cherehani waliyemwita Gazeti. Mwimba dansi, leo anatupa ngumi kwenye picha! Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kainama wapi, na mtu yuko juu ya farasi? akadakia Elisaria, fundi wa magari. Huyo walimwita Breki, kwa kuwa mdomo wake haukuwa nayo. Mimi nasema kuimba na kuigiza ni kazi moja. Ukiimba “nakufa kwa mapenzi,” unakufa? Hufi. Basi umeigiza!

— Haya, hapo umenena, alisema Gazeti.

— Ninyi mnasifu tu, alisema Mwajabu. Mimi nauliza, yule ni mwanangu?

— Sauti je? aliuliza Meitamei, aliyefika darasa la nne na hakuacha watu wasahau.

— Sauti ni yake. Hiyo siikosei.

— Basi usinichukie, mama. Wale watu huchukua sauti ya mwimbaji, wakaitia kinywani mwa mwingine. Mwenye sauti wanamwacha.

— Wanamwacha wapi?

Meitamei akanyoosha kikombe aongezewe.

— Ebo! Breki akaruka. Huyo ni Hasani mwenyewe! Kwa uhodari ule, mkono wa kushoto umeona wivu, ukajifunza.

— Na kovu nalo limejifunza? aliuliza Mwajabu.

— Ngoja, ngoja, alisema Gazeti. Yale maandishi ya mwanzo. Msomi wetu, yalisema nini?

— Si Kiswahili, si Kiingereza. Nadhani ni Kirusi.

— Si ndiyo hiyo! Kapelekwa Urusi! Kule baridi imezidi, mkono wa kulia unaganda, watu wote hupigia kushoto. Haba na haba hujaza kibaba!

Wakacheka. Mwajabu hakucheka. Aliketi juu ya debe lake, akasema polepole:

— Kama sauti wameichukua, mwenyewe wamemzika wapi?



Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mgeni, Monika wa Mbulumbulu, aliyelala kwa dada yake na sasa anangoja lori la kumrudisha kwao. Akaweka kikombe chini.

— Samahanini, wazee wangu. Mbona mie nilimwona anapiga kwa kulia, kama watu wote? Na maandishi yalikuwa Kiswahili kitupu. Kwani ninyi mlikaa upande gani wa kitambaa?

Walikaa nyuma yake, wote wanne, kitambaa kiwakinge upepo, na usiku kucha walijisifu kwamba wamepata mahali pa wakubwa. Picha ilipenya kitambaa ikawafikia imegeuka, kama uso kwenye kioo.

— Basi jina umelisoma? aliuliza Mwajabu, amesimama, birika mkononi.

— Nililisoma, mama. Kubwa, peke yake: Hasani wa Mwajabu. Nikashangaa, mwanamume mashuhuri hivyo, hakujiita kwa baba yake. Huyo Mwajabu ndiye nani?

Breki, kwa mara ya kwanza, akanyamaza. Mwajabu akainamisha birika kwenye kikombe cha mgeni. Kikajaa, naye bado anamimina.