Mpanga Njia Byamungu na Stesheni Zisizo na Treni

Honi ya treni ya mizigo ililia usiku, mara moja, ndefu, kisha ikakatika, na katika nyumba ya ghorofa ya pili mjini Louisville, jimbo la Kentucky, usiku wa kwanza wa familia hii Amerika, tarehe 17 Oktoba 2012, watoto waliruka kutoka kwenye magodoro, mama yao akaanza kusali, lakini baba yao, Mzee Byamungu Nshombo, ambaye leo tarehe 1 Machi 2025 tumekusanyika hapa Columbus kumsindikiza, alikwenda dirishani polepole, akaweka kiganja kwenye kioo, akasikiliza mpaka magurudumu ya mwisho yakapita, na alipogeuka walimwona anacheka, kicheko ambacho mke wake Nzigire hakuwa amekisikia kwa miaka kumi na minne. Aliwaambia walale, nchi yenye reli si nchi ya ugeni.

Ndugu waombolezaji, mtu huyo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Nshombo, mkulima wa maharage, akasoma shule ya msingi hapohapo Walungu kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha shule ya ufundi mjini Bukavu, alikohitimu mwaka 1976. Treni alikuwa hajaiona isipokuwa katika picha ya kitabu, maana reli haifiki Bukavu, lakini alimwambia kaka yake mkubwa kwamba hicho ndicho kitu atakachokitumikia maisha yake, na kaka akamwuliza kama atakuwa anakilisha majani au anakikamua.

Tarehe 3 Februari 1977 aliajiriwa katika reli mjini Kalemie, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, akafanywa mpanga njia, yaani mtu anayesimama stesheni na kuvuta nyenzo nzito ya chuma inayosogeza reli ili kila treni ishike njia yake, kazi ambayo kosa moja humwaga watu porini, na kwa miaka ishirini na moja marehemu hakumwaga hata mtu mmoja. Alikuwa na ishara yake ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha reli, mkono wa kulia ameunyoosha pembeni, kiganja kikitazama chini, mkono wa kushoto ameuweka kifuani, na madereva walisema ukimwona Byamungu amesimama hivyo unaweza kupita umefumba macho.

Stesheni ndiyo iliyompa mke. Nzigire alikuwa fundi wa kushona, akaja kuulizia furushi la vitambaa lililotumwa kutoka Lubumbashi, akaambiwa bado, akaja tena, akaambiwa bado, wiki tatu nzima anakuja na kurudi, na kijana wa reli anamsindikiza kwa maneno ya faraja mpaka njia panda, na ni baada ya ndoa yao, iliyofungwa kanisani Kalemie Jumamosi tarehe 26 Julai 1986, ndipo alipokiri kwamba furushi lilifika wiki ya kwanza.

Mungu aliwajalia watoto wanne: binti wa kwanza alizaliwa tarehe 9 Februari 1989, akafuata Gentille tarehe 30 Mei 1992, kisha Aksanti tarehe 11 Novemba 1996, na Jovini, aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, tarehe 2 Agosti 2003. Jina la binti wa kwanza halijasomwa mahali pake, na wanaojua desturi yetu watashangaa, kwa sababu kwetu mwanamume akipata mtoto wa kwanza jina lake la ujana linalazwa, na tangu siku hiyo anaitwa kwa mtoto huyo, sokoni, kanisani na kazini. Familia inaomba uvumilivu wenu, sababu mtaisikia.

Binti huyo alipokuwa na miaka tisa, mwaka 1998, alipanda treni kwenda Nyunzu kumsalimia shangazi yake likizo ya shule, na baba yake alisimama kwenye nyenzo akamwonyesha ile ishara mpaka behewa la mwisho likapita. Mwezi wa nane vita vikafika, njia ya reli ikakatika, Byamungu na Nzigire wakavuka ziwa na Gentille mkononi na Aksanti mgongoni, wakaingia Nyarugusu. Mara mbili marehemu alijaribu kurudi, mwaka 1999 na mwaka 2001, na mara zote mbili alirudishwa kutoka Kalemie, akiwa amesikia tu kwamba watu wa Nyunzu wametawanyika msituni. Jambo moja lilimshikilia asianguke. Alikuwa amewafundisha watoto wake sheria ya watu wa reli, kwamba tukipotezana, aliyepotea aende stesheni akae, anayetafuta ndiye atembee, kwa maana wote wawili wakitembea hawatakutana milele.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe. Mwezi wa nane mwaka 2009 familia iliitwa kuhojiwa kwa ajili ya safari ya Amerika, na watu waliokuwa kwenye foleni walimwonya kwamba mtoto asiyekuwepo asitajwe, kesi italala miaka kumi, wengine wamezikwa wakingoja, naye akaingia, akaulizwa ana watoto wangapi, akajibu watatu. Aliporudi kwenye hema aliwaita Gentille na Aksanti, akawaambia jina la dada yao lisitamkwe tena, wala kwa mchezo, wala kwa sala ya sauti, kwa sababu Jovini alikuwa mdogo na angeweza kulisema mbele ya mhoji. Ndivyo jina lilivyoondoka katika nyumba hii. Nzigire hakubishana, ila siku hiyo hakula, na tangu hapo watu walianza kumwita marehemu Papa Gentille, naye akawa anaitika kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayeangalia kwanza nyuma yake kama kuna mwingine anayeitwa.

Walipofika Louisville marehemu alipata kazi katika ghala moja huko Jeffersontown, lakini kabla hajajua duka la unga liko wapi aliuliza gare iko wapi, akaelekezwa stesheni ya zamani ya barabara ya Broadway, jengo la mawe lenye mnara wa saa na vioo vya rangi kama kanisa, akaingia, akakuta ni ofisi za mabasi ya mji, akamwuliza mlinzi treni ijayo ni saa ngapi. Mlinzi alimwambia kwa upole kwamba treni ya mwisho iliondoka mwaka 1976, kwa hiyo mzee amechelewa kidogo. Marehemu alimshukuru, akatoka nje, akamwomba Aksanti ampige picha mbele ya jengo, akasimama, mkono wa kulia pembeni, wa kushoto kifuani, na Aksanti akadhani baba yake anatania.

Hakuwa anatania. Alijua kwamba mtoto wake, kama yu hai, amekaa stesheni, na kwamba anayetafuta ndiye anayetembea, na kwa kuwa hakuweza kutembea hadi Nyunzu, na jina hakuwa na ruhusa ya kuliandika popote, alitembea kwa picha. Mwaka 2014 alipiga picha juu ya daraja la zamani la reli linalovuka mto Ohio kutoka Kentucky kwenda Indiana, ambalo siku hizi watu hulivuka kwa miguu, na Nzigire, aliyelivuka akiwa amefumba macho na kushika mkanda wa mumewe, alimwambia Waamerika wameng'oa reli zao makusudi ili yeye apate pa kutembelea. Mwaka 2016 familia ilihamia Columbus, ikapanga Whitehall, akaajiriwa katika ghala karibu na Gahanna, alikopewa kazi ya kuongoza malori uani, na wenzake waliokuja leo ni mashahidi kwamba kwa miaka saba hakuna lori lililorudi nyuma kwenye mlango usio wake. Jumapili ya kwanza ya mapumziko akawataka watoto wampeleke kwenye upinde, kwa kuwa stesheni kuu ya Columbus ilibomolewa zamani na kilichobaki ni upinde mmoja wa mawe katika bustani, na hapo ndipo alipopapenda kuliko pote, akisema wamebomoa nyumba wakaacha mlango, na mlango ndio tunaouhitaji.

Aksanti aliziweka picha zote katika kundi la mtandaoni la watoto wa watumishi wa reli ya Kalemie, watu wakacheka, wakaandika mzee amesahau kwamba amestaafu.

Gentille alikuwa ameolewa Buffalo, jimbo la New York, na Cleopas, Mkenya aliyekuja kusoma uhandisi, na Julai 2021 marehemu alikwenda kuwatembelea, akaomba apelekwe kwenye stesheni ile kubwa yenye mnara wa ghorofa kumi na saba, iliyofunguliwa mwaka 1929 na kufungwa mwaka 1979. Siku hiyo, Jumapili tarehe 18, watu wa kujitolea walikuwa wanasafisha, marehemu akachukua ufagio bila kuombwa na kufagia muda wa saa mbili mahali ambapo abiria walikuwa wakisimama, Cleopas akimfuata na chupa ya maji, akimwambia, "Lakini mzee, hii station ni dead tangu nizaliwe, unangoja nani?" Marehemu alimjibu bila kusimamisha ufagio, "Bon, mukwe wangu, treni ndio zinakufaka. Gare inabakia." Kisha akatoka nje, akasimama chini ya mnara, akanyoosha mkono.

Tarehe 2 Septemba 2021 picha hiyo ilijibiwa. Hakukuwa na neno hata moja, ilikuwa picha tu, ya mwanamke wa miaka thelathini na miwili mbele ya stesheni ndogo yenye paa la mabati yaliyotoboka, na juu ya mlango pameandikwa Nyunzu, mkono wake wa kulia pembeni, kiganja chini, wa kushoto kifuani. Marehemu alikuwa mezani Whitehall, anakula. Aliitazama, akampa Nzigire simu, akaenda jikoni, wakasikia anapiga makofi peke yake, taratibu, kama anayeanzisha wimbo.

Mwanamke huyo alitoka msituni akiwa na miaka kumi na moja, akaenda stesheni kama alivyofundishwa, akakaa, mke wa mkuu wa stesheni akamlea, na hadi leo anauza chai na mikate hapo, siku treni inapopita na siku isipopita, ana watoto wawili, na wa kwanza anaitwa Byamungu. Walizungumza kwa simu karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi binti alimwomba baba yake jambo lile lile, amwite kwa jina lake, na baba alimjibu hivi, "Hiyo jina niliificha mbele ya watu. Nitaitoa mbele ya watu."

Akaanza kuitoa. Novemba 2022 alikwenda kwa wakili, ingawa wengi hapa Columbus walimsihi asifanye hivyo, wakimwambia ataamsha aliyelala, ataponza uraia wake na wa familia nzima, naye akawajibu kwamba reli iliyopinda hunyooshwa kabla treni haijapita. Kwa wakili alisema, "Maître, ni miye nilidanganya. Mama na batoto, hapana. Muandike vile." Barua ikaandikwa, ikatumwa, na nyumba ikaanza kungoja, miezi ishirini na sita, kila gari la posta likisimama Nzigire anashika kifua.

Katika kungoja huko ndipo ugonjwa ulipoingia. Mwezi wa nane mwaka 2024 marehemu alianza kukwamwa na chakula, uchunguzi ukaonyesha kansa ya koo, akafanyiwa upasuaji tarehe 12 Novemba 2024, ukamwongezea siku lakini ukaichukua sauti yake. Jibu lilifika Jumanne tarehe 14 Januari 2025, Jovini akalisoma kando ya kitanda cha hospitali, kwamba maelezo yamepokelewa, binti ameandikwa katika faili ya baba yake kama mtoto wake wa kwanza, na hakuna hatua yoyote itakayochukuliwa dhidi ya familia. Marehemu alifungua kinywa. Walimsubiri, alijaribu mara tatu, hewa ikatoka bila sauti, Jovini akampa kalamu na karatasi, naye akaisukuma kalamu, kwa sababu kuandikwa, jina lilikuwa limekwisha kuandikwa. Akamnyooshea kidole Gentille, kisha akazungusha kidole hicho chumbani, kama anayehesabu watu ambao hawajafika, na Gentille akaelewa.

Mzee Byamungu Nshombo alifariki Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mkono wake mkononi mwa Nzigire, hakuwa na deni la uongo kwa serikali wala kwa mtoto. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hadi dakika ya mwisho, majirani wa Whitehall walioleta sufuria za chakula na kukataa kurudishiwa, wafanyakazi wenzake wa ghala waliobadilishana zamu ili wawepo hapa, waumini waliosafiri kutoka Louisville na Buffalo, Mchungaji Rutayisire na kwaya yake, pamoja na watu wa stesheni ya Nyunzu, ambao wakati huu wameizunguka simu moja iliyowekwa juu ya meza ya chai na wanatusikia.

Kilichobaki si cha msomaji. Gentille, aliyepewa nafasi isiyokuwa yake kwa miaka kumi na sita na kuitunza bila kujivuna, amesimama kando ya jeneza, na mbele ya watu wote anamwita baba yake kama alivyoitwa siku alipokuwa baba kwa mara ya kwanza:

"Pumzika kwa amani, Papa Alliance."