Ufunguo Uko Mkono wa Kulia

Risala ya Kikundi cha Mistari Mitano, Wawi, kwa mgeni rasmi, siku ya kufunguliwa jengo lililotengenezwa upya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hamzah Mmanga, Mwenyekiti wa Kamati ya Matengenezo ya Majengo, Sheha wetu, wazee na wazazi mliofika, asalaam alaikum.

KARIBU

Sisi wanachama wa Kikundi cha Mistari Mitano tunakukaribisha katika jengo hili, ambalo ni lako kwa kulitengeneza na letu kwa kulikalia miaka kumi na sita. Rangi imependeza. Milango inafunga. Maji ya mvua hayaingii tena chumba cha nyuma, ambako tulikuwa tukisoma huku miguu yetu iko juu ya matofali. Kwa hayo tunakushukuru, na shukrani zetu ni za kweli.

Risala ya leo tuliiandika mara ya kwanza mwezi uliopita. Ilikuwa nzuri, na ilimalizia kwa kuomba viti. Wiki hii tuliichana. Unayosomewa ni ya pili, na anayeisoma ni katibu wetu, Kauthar. Utuwie radhi ikiwa sauti yake haitatoka vizuri. Yeye ni mtoto wa marehemu Maalim Sleiman, na habari zenyewe zinamhusu Maalim.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianzishwa na Maalim Sleiman, aliyekuwa mwalimu wa hesabu skuli na mpiga fidla. Alitaka tuache kupiga taarab kwa kukisia, tusome nota. Siku ya kwanza alichora mistari mitano ubaoni. Othman, mpiga udi wetu, akamuuliza, "Maalim, kamba zote hizo, leo waanika nguo?" Jina la kikundi lilitokea hapo.

Wengi wetu tulikuwa watu wa chuo cha Kurani. Bi Mwanawema, mwimbaji wetu mkubwa, hakukaa skuli hata siku moja, lakini Msahafu ameuhitimu mara nyingi. Alipopewa karatasi ya nota aliianza mkono wa kulia, kama alivyozoea. Wimbo tunaoujua sote ukatoka kitu kingine kabisa. Tulicheka mpaka Othman akatolewa nje.

"Bi Mwanawema, umeanzia mwisho," Maalim alimwambia.

"Mie nimeanzia mwanzo. Aloandika ndo kaanzia mwisho."

Maalim aliichukua ile karatasi. "Basi wewe usigeuke," akasema. "Ntageuka mimi."

Tangu siku hiyo nota za waimbaji aliziandika kutoka kulia kwenda kushoto, na chini yake maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili neno na sauti vifuatane njia moja. Kila mstari wa nota huanza kwa alama inayoitwa ufunguo. Bila alama hiyo hujui nota ipi ni ipi. Katika madaftari ya waimbaji ufunguo uko mkono wa kulia. Sisi wapiga ala tuliandikiwa kwa njia ya kawaida, kila mtu sehemu yake, tukaondoka nayo nyumbani. Wimbo wenyewe ulikuwa kwenye madaftari ya waimbaji, na hayo hayakutoka katika kabati la jengo hili. Yalikuwa ishirini na matatu.

TULICHOKIPATA

Watu hutuuliza nota zinamfaa nini mtu anayelima muhogo. Tutataja mawili tu.

Khairat, mpiga kanuni, anafanya kazi kituo cha afya. Kazi yake moja ni kuhesabu pumzi za watoto wenye homa. Zamani mama wa mtoto akimsemesha alipoteza hesabu akaanza upya. Sasa hapotezi, kwa kuwa Maalim alimzoesha kuhesabu yake huku wengine wanapiga yao.

Bi Mwanawema, alipokwisha kuzijua nota, alitaka na zile herufi za skuli, zinazokwenda njia ya pili. "Kama kichwa kimeingia vijiti hivi, kitashindwa na hizo?" alisema. Mwaka juzi alisoma mwenyewe kibandiko cha chupa ya dawa ya mumewe. Alikuwa akimpa vijiko viwili. Kibandiko kinasema kimoja. Jioni ile alikuja darasani, akakaa, hakuimba.

Mashindano na vyeti tuliviorodhesha kwenye risala ya kwanza. Leo tuviache.

YALIYOTUKUTA

Mgeni rasmi, mwaka jana Maalim aliugua koo, na sauti ikamwondoka. Kwa miezi mitano alisema kwa kuandika. Katika miezi hiyo alitunga nyimbo saba, akaziandika kwenye madaftari ya waimbaji. Hakuna aliyezisikia. Alituandikia ubaoni: Tutazisoma baada ya Idi. Alifariki mwezi wa Shaaban, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wiki ya pili baada ya hitma, jengo lilifungwa kwa matengenezo, nasi tukaambiwa kila kilichomo kitahifadhiwa.

Tulingoja. Hatukuandika barua ya kuulizia, na kosa hilo ni letu.

Alhamisi iliyopita Nahla, mpiga fidla wetu, alinunua njugu kwa Bi Zuweina, sokoni Chake Chake. Alipozimaliza aliikunjua karatasi. Akasimama pale pale, watu wanampita huku na huku. Karatasi ilikuwa na mistari mitano, na ufunguo mkono wa kulia.

"Bi Zuweina, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Kwani zina nini, mwanangu? Nzuri hizo, ngumu. Gazeti lachuja wino kwenye njugu."

"Umezitoa wapi, mama?"

"Kwa wale walosafisha jengo la Wawi. Wana magunia ghalani." Kisha akamtazama vizuri. "We mbona walia? Njugu mbovu? Chukua nyengine, sikudai."

Bi Zuweina hana kosa. Alipoelezwa, alizifungua njugu zote alizokuwa nazo kwenye sinia, akazimimina kwenye upande wa kanga yake, akampa Nahla karatasi. Pamoja na ile ya kwanza zilikuwa tisa.

Tulikwenda ofisi ya kamati. Tulipokewa vizuri, tukaoneshwa ripoti ya vilivyokutwa kabatini. Mtaalamu wa muziki aliyeletwa kutoka nje ya kisiwa alijaribu kurasa tatu kwa kinanda. Akaandika: "Alama hizi hazina ufunguo wala mpangilio. Si muziki. Zinaweza kutupwa." Chini yake ipo saini yako, Mgeni rasmi.

Tuliisoma saini ile mmoja baada ya mwengine. Othman alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Hatusemi kwamba ulikusudia. Mtaalamu aliutafuta ufunguo kushoto, hakuukuta, na yeye ni mgeni. Lakini maneno yaliyo chini ya nota ni Kiswahili, kwa herufi ambazo kila aliyesoma chuo Pemba anazijua. Wasifu wako tuliopewa tuusome kabla ya kukukaribisha unasema ulisoma chuo Mgogoni.

Moja ya karatasi tisa ndiyo mwanzo wa wimbo wa saba. Bi Mwanawema ana mistari miwili, anamuuliza mtu aliye ndani ya nyumba kama yu macho. Kisha pembeni, kwa mwandiko wa Maalim uliokwisha kulegea, imeandikwa: Hapa Kauthar amjibu, vipimo vinane. Kabla ya huo, Maalim hakupata kumwandikia mwanawe wimbo. Kila alipoombwa alikuwa akisema sauti ya Kauthar bado. Katibu wetu hakujua kwamba imekwisha kufika.

Jibu lenyewe liko ukurasa unaofuata. Ukurasa huo hatunao.

OMBI LETU

Ombi ni moja. Viti tumeviacha.

Magunia matatu ya madaftari yetu yaliyobaki yamo kwenye ghala ya kamati. Mlinzi ametuambia gari ya taka inakuja kuyachukua Jumamosi asubuhi. Leo ni Alhamisi. Ofisi imetujibu kwamba ufunguo wa ghala hautolewi bila idhini yako ya maandishi. Tunaomba ufunguo huo leo, kabla hujaondoka Wawi. Mikeka ya kuzipanga karatasi tumekuja nayo, iko pale ukutani. Kazi ya kusoma tuachie sisi, hata zikiwa na mafuta.

Baada ya risala tutakupigia wimbo wa saba kama tulivyo nao. Bi Mwanawema ataimba mistari yake miwili. Kisha katibu wetu atasogea mbele, na ala zote zitanyamaza. Vipimo vinane, kila kimoja mapigo manne, ni mapigo thelathini na mawili. Maalim alitufundisha kwamba kimya nacho kina alama yake kwenye mistari, na huhesabiwa sawa na sauti. Tunakuomba usipige makofi hapo, nawe umwambie aliye jirani yako asipige. Wimbo hautakuwa umekwisha, na sitakuwa nimesahau. Nitakuwa nahesabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Maalim Sleiman, akurejeshe nyumbani kwako salama, na aubariki mkono wako wa kulia. Amin.

Ni sisi,
Kikundi cha Mistari Mitano,
Wawi, Pemba.