Siku ya Kuufunua Mtini

Benchi lenyewe ni ubao mnene uliolazwa juu ya mawe mawili, kando ya mfereji, nje ya nyumba ya chai ya Hoshim, mtaa wa wafinyanzi wa Rishton. Hapo ndipo dunia inapoendeshwa kuanzia saa tatu asubuhi. Wenye benchi ni watatu: Mamasoli, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki, Turgunboi, anayeitwa Goti kwa sababu goti lake la kushoto linatabiri hali ya hewa, na Ergash, aliyekaa kwenye pampu za maji ya mashamba miaka thelathini, kwa hiyo ni Mhandisi mpaka kufa kwake. Asubuhi hiyo ya katikati ya Machi milozi ilikuwa imechanua na jua lilikuwa la kuvua koti. Wa nne wao, mzee Sotvoldi, ambaye wote humwita aka, yaani kaka mkubwa, akaja na sepetu begani, na wote watatu waliliona sepetu kabla ya kumwona mwenyewe.

— Sotvoldi-aka, asalaam aleikum. Sepetu la nini tena?

— Waaleikum salaam. Leo naufunua mtini.

Redio akaweka bakuli lake la chai chini, jambo ambalo halifanyi hata kwenye msiba.

Katika bonde hili mtini hauachwi umesimama majira ya baridi. Majani yakishapukutika mwezi wa kumi na moja, matawi hupogolewa, hufungwa pamoja, hulazwa kwenye handaki, hufunikwa mikeka ya matete na juu yake udongo. Huko unalala hadi masika. Ukiufunua mapema, baridi inauchoma. Ukichelewa, unaoza. Kila mwanamume wa Rishton anaijua siku yenyewe, na hakuna wawili wanaokubaliana.

Na mtini wa Sotvoldi haukuwa mtini wa kuchezea. Tini zake zilikuwa za manjano, kubwa, tamu hadi nyigu wanalewa. Baba yake aliuleta ukiwa kijiti, na Sotvoldi hakuwahi kumgawia mtu hata tawi moja. Lango la bustani lilikuwa na kufuli. Mwaka jana, masika ya kwanza tangu Zebuniso mkewe afariki, aliufunua kabla ya mtaa mzima ili aonekane wa kwanza. Siku nne baadaye zikaingia siku za bibi kizee, ile baridi ya mwisho ya mwezi Machi, na mti ukawa mweusi hadi chini. Mwezi wa sita shinani pakachipua kijiti kimoja, unene wa kidole gumba. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimelala chini ya udongo sasa. Kikifa, habari ya mtini wa Sotvoldi imekwisha.

— Aka, subiri kidogo, akasema Goti. Goti langu linasema baridi iko juu milimani, imepumzika tu. Ijumaa inashuka.

— Goti lako mwaka jana lilisema mafuriko, akasema Redio. Tukabeba magunia ya mchanga wiki nzima, mfereji haukulowesha hata kuku.

— Mafuriko yalikuja! Yalipitia Namangan.

— Sikilizeni nyie, akasema Redio, bibi kizee hana tena tarehe. Minara hii ya simu inachemsha mawingu. Kizee wa watu anashuka, anakutana na joto, anapotea njia. Mwaka jana alitoka Rishton akaenda kuua maparachichi ya Andijan.

— Andijan kuna parachichi, wewe?

— Hakuna sasa hivi. Kwa nini hakuna? Jiulize!

Mhandisi akakohoa. Yeye hukohoa kwanza, kama pampu yake ya zamani, ndipo maneno yafuate.

— Mambo ya kitaalamu waachieni wataalamu. Mtini haufunuliwi kwa siku moja. Kwanza unatoboa matundu mawili, upate hewa. Siku tatu. Halafu unapunguza udongo nusu. Siku nne nyingine. Mikeka unaitoa siku ya mawingu, si kwenye jua kali; kitu kimelala gizani miezi minne, unakimulika ghafla kwa nini? Na yote hayo usiyaanze mpaka mforosadi uvimbe macho ya kuchipua. Mlozi usiusikilize, mlozi ni mti wa pupa.

— Hapo umesema, akakiri Goti.

— Na udongo upimwe. Babu yangu alikuwa anavua suruali, anakaa juu ya udongo matako wazi, anakunywa bakuli moja la chai. Akimaliza bila kunyanyuka, wakati umefika.

— Uongo!

— Serikali ilimpa cheti.

— Cheti cha matako?

Hoshim mwenyewe akacheka huko ndani, nusura birika limponyoke. Sotvoldi hakucheka. Alikuwa amesimama na sepetu lake, na jambo moja lilikuwa linamkera. Miaka yote watu hawa wangemwambia afunue kesho, avune mapema, aharibu, ili wapate la kusimulia. Leo walikuwa wanambembeleza.

— Mbona leo mnanihurumia? akauliza. Tangu lini mtini wangu umewauma? Ninyi na vitini vyenu vya maji. Miaka yote nimekaa benchi hili, mmeniletea zabibu, mmeniletea pichi, mmeniletea komamanga. Tini je? Hajaniletea mtu hata moja. Mnaona haya, nawajua! Mnajua mkizileta mbele yangu mtaumbuka.

Ilitakiwa Redio ajibu. Alitazama ndani ya bakuli lake badala yake.

Ndipo akapita mwalimu Chori, mgeni wa mtaa, aliyehamia majira ya kupukutika kutoka Termiz, kule kusini kwenye joto. Akawaamkia kwa mkono kifuani, mmoja mmoja kwa umri, akapewa chai.

— Kwetu mtini unasimama mwaka mzima, akasema akishaelezwa kesi. Hatuuziki.

— Hauzikwi huu, akasema Mhandisi kwa ukali. Unalazwa.

— Samahani, aka. Unalazwa. Mimi naomba kuuliza kitu kimoja tu. Huu wa Sotvoldi-aka, Mungu apishe mbali, ukifa, mwingine wa aina yake uko kwa nani?

Sotvoldi alingoja mtu aseme hakuna, maana hilo ndilo lilikuwa jibu, na ndilo alilojivunia miaka arobaini. Hakuna aliyelisema. Redio alikuwa anahesabu majani ya chai. Goti alikuwa analisugua goti lisilouma. Mhandisi alikohoa na maneno hayakufuata.

— Mjibuni mwalimu, akasema Sotvoldi.

— Swali gumu hilo, akasema Redio.

— Gumu wapi? Mamasoli! Nitazame.

Mamasoli akamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

— Aka, hautakufa. Hata huo ukifa, hautakufa.

— Maana yake?

— Marehemu dada yetu Zebuniso-opa, Mungu amrehemu... Wangu una miaka kumi na moja.

— Wangu minane, akasema Goti, taratibu.

— Wangu kumi na sita, akasema Mhandisi. Wa kwanza ulikuwa wangu. Na Hoshim anao, nyuma ya jiko.

Huko ndani birika likatulia kabisa.

Damu ilimpanda Sotvoldi usoni. Alifikiria kufuli yake, ufunguo aliokuwa akilala nao chini ya mto, na mkewe akipogoa kila mwezi wa kumi na moja, akimwambia usijisumbue na matawi, nitayachoma mimi. Alitaka kupiga kelele. Lakini kabla sauti haijatoka, alijikuta anauliza kitu kingine.

— Mingapi?

Wakahesabu kwa vidole, wakabishana, wakamsahau mjane wa mtengeneza sahani, wakamkumbuka.

— Kumi na minne, akasema Mhandisi. Na mmoja uani kwa msikiti, ambao imamu anadhani umeota wenyewe.

— Inazaa?

— Aka, inazaa! Za manjano, hivi! Redio akakunja ngumi na kuinyanyua. — Nyigu wanalewa.

— Kumi na mitano, akasema Sotvoldi. Kifua kilikuwa kimemjaa, na hakujua kama ni hasira au fahari, mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe. — Basi nisikilizeni. Hakuna anayegusa udongo mpaka siku za bibi kizee zipite. Hata mmoja! Matundu mawili, ya upande wa kusini, mimi mwenyewe nitapita nyumba hadi nyumba kuyakagua. Mhandisi, wewe umefunika kwa nini?

— Matete.

— Na nailoni?

— Kidogo tu.

— Itoe leo! Unaoza huko ndani, mwanaharamu wee, mti wangu!

— Naitoa, aka, naitoa.

Akaliegemeza sepetu kwenye ukuta na kuketi. Goti akammiminia chai na kumpa kwa mkono wa kulia. Sotvoldi hakunywa.

— Turgunboi. Aliupitisha wapi?

— Juu ya ukuta, aka. Kijiti kimefungwa kitambaa kibichi.

— Akasema nini?

Goti akawatazama wenzake, kisha akatazama chini.

— Akasema, ufunike vizuri, hauwezi baridi. Akasema, na usimwambie mzee. Yeye anajivunia kuwa nao peke yake, na mimi najivunia yeye. Mwache ajivune.

Sotvoldi akafuta uso kwa kiganja, kuanzia paji hadi ndevuni.

— Rudia, akasema.

Goti akarudia, neno kwa neno, na safari hii hata Redio hakumkatiza.