Mshono wa Ubavu wa Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutushika mkono, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu ambaye wengi wenu mlimwita Mama Cheche, na ieleweke mapema kwamba asubuhi hii shemeji yake alishauri habari za vifaru vyake vya plastiki zirukwe, eti msiba si mahali pa kutaja michezo ya watoto, familia imemsikia kwa heshima zote, na hazitarukwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa nne na wa mwisho wa fundi viatu na mshonaji wa sare za shule, akaanza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza mwaka 1965, akiwa wa pili darasani na wa kwanza kwa ubishi, jambo ambalo mwalimu mkuu aliliandika kwenye cheti chake kama dosari, naye akakitundika cheti hicho sebuleni, na mpaka leo kipo.

Tarehe 2 Mei 1970 aliajiriwa kufagia katika karakana ya magari ya jeshi, akafagia miaka mitatu huku jicho liko kwa wachomeleaji, hata siku mmoja wao alipougua akavaa miwani na kuishika kazi bila kutumwa, mafundi wakacheka, walipouona mshono kicheko kikawakauka, na tangu Agosti 1973 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006 alikuwa mchomeleaji, akiitwa Mama Cheche kabla hata hajawa mama wa mtu.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi umeme wa karakana hiyohiyo, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti mwaka 1976 na kijana mwaka 1980, na tuseme ukweli, katika nyumba ile aliyejua kupika alikuwa baba.

Mwaka 1988 kililetwa kifaru cha vita kilichopasuka ubavu wa kushoto, wakubwa wakasema hicho ni chuma chakavu, marehemu akalala chini yake siku nne akakichomelea mshono mrefu kama mkono wa mtu mzima, kikatoka getini kwa nguvu zake chenyewe, na katika daftari la kazi likaandikwa jina la msimamizi wake.

Alipostaafu alinunua kifaru cha plastiki cha kuunganisha, aina ileile, urefu wa shibiri moja, akakiongezea mwenyewe kila ambacho kiwanda kilisahau, vishikio vya waya wa simu, turubai la karatasi iliyolowekwa gundi, ndoo ya mafundi iliyokatwa kwenye mrija wa dawa ya meno, akakipaka rangi tabaka kwa tabaka, kutu akaitia kwa brashi aliyoipunguza ikabaki nywele tatu, kisha ubavuni akalaza uzi wa plastiki, akaulainisha kwa gundi na kuudonoa kwa ncha ya sindano mpaka ukawa mshono wake wa mwaka 1988.

Kuanzia mwaka 2009 alikipeleka kila Oktoba kwenye mashindano ya waunda vifaru vidogo, na kila Oktoba majaji walifungua kitabu chao cha picha za vifaru halisi, wakaona mshono haumo, wakamkata alama, naye akawajibu kwamba picha ilipigwa kabla ya ufa, na kwamba hajawahi kuona picha ikichomelea kitu, kisha mwaka uliofuata akarudi na kifaru kilekile, miaka kumi mfululizo.

Februari 2019 mapafu yalianza kumsumbua, Septemba akalazwa, na binti yake, akitamani mama aonje ushindi japo mara moja, akaukwangua mshono ule kwa wembe, akapiga msasa, akapaka rangi juu yake, akakipeleka kifaru mashindanoni na kurudi wodini na kikombe cha mshindi wa kwanza. Marehemu hakukitazama kikombe, alikigeuza kifaru ubavu, akasema, "Msimamizi alinifuta mara ya kwanza, wewe umenifuta mara ya pili," halafu akaomba sindano na gundi.

Binti huyo ndiye huyu anayewasomea.

Kwa siku tatu marehemu, akiwa kitandani, aliurudisha mshono tundu kwa tundu, akamtuma binti akarudishe kikombe na kuwaeleza majaji sababu, wote wakiwa wamekaa, na ikawa hivyo, na tarehe 11 Novemba 2019, saa nne asubuhi, marehemu akavuta pumzi yake ya mwisho.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemsogezea kitanda dirishani kwa ajili ya harufu ya gundi, majirani waliotupikia na mafundi wenzake wa karakana, na kama msimamizi wake wa zamani yuko hapa, kifaru kiko mezani kando ya jeneza, ubavu wa kushoto umeelekezwa kwenu, mshono umepinda kidogo, apite autazame.

Pumzika kwa amani, Mama, kikombe kimerudi kwa wenyewe, mshono hauguswi tena.